Upepo wa tairi kwenye mchanga wa Ushongo: si 35, na si 8

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Pangani, nina Honda XL 125 ya zamani. Tairi la mbele ni 2.75-21, la nyuma 4.10-18, yote ya kashata (yale yenye meno makubwa), na tyubu ni za kawaida. Kila wiki navuka mto kwenda Bweni, naendelea hadi Ushongo na Kipumbwi kupeleka vipuri vya mashine za boti. Mzigo haupungui kilo 15, mwenyewe nina kilo 78. Nikiingia mchanga mkavu usukani unaninyang'anya mikono, na gurudumu la nyuma linachimba mpaka linazama. Fundi pancha wangu hujaza 30 mbele na 35 nyuma, anasema nikipunguza nitapasua tyubu. Rafiki yangu anasema nishushe hadi 8 kama wafanyavyo watu wa mashindano. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Nianze na namba, maana ndiyo uliyoiulizia. Ukishavuka, weka psi 20 mbele na 20 nyuma kwa barabara ya vumbi (psi ni kile kipimo cha upepo unachokisoma kwenye geji). Mchanga mkavu wa kweli ukianza, simama ushushe hadi 16 mbele na 17 nyuma. Hiyo moja ya ziada nyuma ni kwa ajili ya mzigo. Chini ya hapo usiende kabla hujakagua rimu yako kwa namna nitakayoeleza.

Fundi wako na rafiki yako kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Fundi anajua kinachopasua tyubu, ila 35 yake ni ya lami na abiria nyuma. Rafiki yako anajua kwamba mchanga unataka tairi laini, lakini hao wa mashindano hawabebi vipuri, hawarudi nyumbani kwa lami, wana vifaa ndani ya tairi ambavyo wewe huna, na hata hivyo wengi wao huanzia kati ya 12 na 14, wala si 8.

Tazama kinachotokea chini ya gurudumu lako la nyuma. Pikipiki kama kilo 115, wewe 78, mzigo 15: jumla inakaribia kilo 208, na kama asilimia 60 ya uzito huo inakaa nyuma, yaani kilo 125 hivi. Kwa 35 psi, kila sentimita moja ya mraba ya tairi inabeba karibu kilo 2.5, kwa hiyo tairi linahitaji kugusa ardhi kwa sentimita za mraba 50 tu ili kubeba uzito wote. Hiyo ni sawa na viberiti vitatu vilivyolazwa. Ukishusha hadi 17, eneo linafika kama 105, viberiti sita. Hesabu hii si kamili, kwa sababu ubavu wa tairi wenyewe nao hubeba sehemu ya uzito, lakini inakuonyesha kwa nini pikipiki ileile na dereva yuleyule anazama au anaelea kwa kufungua valvu kidogo tu.

Wengi hudhani tairi likilegea linapanuka. Linapanuka kidogo, lakini zaidi linarefuka: alama yake inakuwa ndefu kwenda mbele na nyuma. Kwa gurudumu la mbele huo urefu ndio dawa. Tairi gumu lenye alama fupi linaukata mchanga kama kisu. Mchanga unarundikana mbele yake na kandoni, na kila likipinda kidogo, rundo la upande mmoja linalisukuma. Huko ndiko kunyang'anywa usukani unakokusema. Tairi lenye alama ndefu hupanda juu ya mchanga badala ya kuuchana. Nyuma kisa ni kingine. Kashata zinashika mchanga na kuusukuma nyuma, na mchanga mkavu una nguvu ndogo ya kuvumilia kusukumwa kabla haujaporomoka. Nguvu ile ile ya injini ikigawanywa kwenye eneo kubwa, mchanga unavumilia. Ikibanwa kwenye viberiti vitatu unaporomoka, gurudumu linazunguka bure, na kila mzunguko unatoa mchanga chini yake. Baada ya sekunde chache pikipiki imekalia bamba la chini ya injini.

Sasa jambo ambalo namba za mitandaoni hazikwambii. Mchanga wenyewe haukukatazi kushuka hata hadi 10. Kinachokukataza ni kile kilichojificha ndani yake. Njia za pwani ya Tanga hazina mchanga mtupu: chini na kandoni kuna mawe ya matumbawe ya kale, yenye ncha na matundu, na mara nyingine mzizi wa mti umevuka njia nzima. Unapita mita 200 za mchanga laini, ghafla jiwe. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea mpaka rimu inagonga jiwe, na tyubu iko katikati. Kwa hiyo kikomo chako cha chini kinawekwa na kitu kigumu kuliko vyote katika safari yako, si na kitu laini kuliko vyote. Anayepita mchanga mtupu na ninayemjibu leo hawawezi kutumia namba moja, hata kama pikipiki zao ni pacha.

Namba yako kamili uitafute mwenyewe, na ni kazi ya nusu saa. Chagua kipande cha mchanga mkavu cha kama mita 100 ambacho hakina jiwe. Anza na 20 na 20. Pita kwa gia ya pili, mwendo usiobadilika, umesimama kwenye vikanyagio. Rudi kwa miguu utazame alama. Alama nyembamba, yenye kina na kingo mbili zilizoinuka kama mfereji, maana yake upepo bado mwingi. Shusha psi 2 kila tairi, pita pembeni ya alama ya kwanza, linganisha. Utafika mahali alama ya mbele inakuwa pana na ya juujuu, na kashata za pembeni, zile zisizogusa kabisa ukiwa kwenye lami, zinaanza kujichapa mchangani. Hapo ndipo. Ukiendelea kushusha hupati faida kubwa, unanunua hatari tu: pikipiki inaanza kuyumba mkia kwenye ardhi ngumu kama inayopanda godoro, na ukikata kona ubavu wa tairi unajikunja.

Angalia pia maandishi ubavuni mwa tairi. Matairi mengi madukani kwetu yametengenezwa kwa ajili ya mizigo, yameandikwa 6PR, yaani nguvu ya matabaka sita. Ubavu wake ni mgumu kuliko wa 4PR, kwa hiyo kwa upepo uleule halirefuki sana. Kama lako la nyuma ni la namna hiyo, huenda ukahitaji psi 1 au 2 chini ya mwenye tairi laini ili upate alama ileile. Ndiyo maana nasisitiza usome alama, si geji peke yake.

Na geji yenyewe. Ile kubwa ya kwa fundi, inayopima hadi 160 kwa ajili ya malori, haikufai. Geji yenye kosa la asilimia 2 ya kipimo chake chote inaweza kudanganya kwa psi 3 popote pale. Kwenye tairi la lori hilo si kitu, ila kwako ni tofauti kati ya 17 na 14. Tafuta ndogo inayoishia 30 au 60, itunze ndani ya mfuko wa nailoni, na usiitie mchanga mdomoni. Hata ikiwa na kosa dogo si neno, mradi utumie hiyo hiyo kila siku.

Pima asubuhi kabla tairi halijapata moto. Tairi lenye psi 15 hivi hupanda karibu psi 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Likitoka 25 alfajiri na kufika 45 mchana kwenye mchanga unaounguza, geji itasoma 2 zaidi. Usishushe tena! Ukishusha mchana, kesho alfajiri utakuta una 14 na hukumbuki umeipunguza lini. (Kwa wale wanaoshuka na pikipiki kutoka Lushoto: huko juu, mita kama 1,400, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo tairi hilohilo likifika pwani geji inasoma kama psi 2 pungufu, lakini joto la pwani linarudisha sehemu ya hizo. Pima upya ukifika Tanga.)

Sasa rimu. Tairi lenye upepo mdogo lina ugonjwa mwingine mbali na kugonga jiwe: linateleza juu ya rimu. Injini inazungusha rimu, mchanga unalishika tairi, na viwili hivyo vinapishana kidogo kidogo. Tyubu inalifuata tairi, lakini valvu imefungwa kwenye tundu la rimu, haiendi popote. Mwisho wake valvu inachanika kwenye shina, na hapo hakuna kiraka kitakachosaidia, ni tyubu mpya. Kinachozuia ni rimuloki: kibano cha alumini au mpira mgumu chenye boliti moja, kinakaa ndani ya tairi na kulikandamiza kwenye ukingo wa rimu. Tazama gurudumu lako la nyuma. Mbali na valvu, je, kuna boliti nyingine inayochomoza kati ya spoku kuelekea kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu? Kama ipo, unayo. Mafundi wengi huiacha imelegea au huitupa kabisa kwa sababu inawasumbua kutoa tairi, kwa hiyo hakikisha na ndani kipo kibano, si boliti peke yake.

Kama haipo, inawekwa. Saizi imeandikwa juu yake, mfano 1.60, 1.85 au 2.15, na lazima ilingane na namba iliyogongwa kwenye rimu. Tundu hutobolewa kwa milimita 8 na kidogo, katikati ya rimu, baina ya spoku, upande ulio mbali na valvu ili gurudumu lisielemee upande mmoja. Kingo za tundu zipigwe tupa mpaka zisikwaruze kidole, la sivyo zitaikata tyubu. Tairi likishajazwa na kukaa sawasawa ndipo nati inakazwa, kwa spana fupi na mkono mmoja, kama Nm 13 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Wanaotia bomba kwenye spana huikata boliti au huibonyeza rimu. Ukiwa na rimuloki nyuma na tyubu nene, ile ya milimita 3 hadi 4, unaweza kushuka hadi 13 nyuma na 14 mbele siku usiyo na mzigo. Kwa tyubu za kawaida na mawe yale, hata ukiwa na rimuloki baki 15.

Kuna nati ndogo kwenye valvu ambayo karibu kila fundi huikaza hadi kwenye rimu, akidhani anafanya vizuri. Iachie. Ipandishe mpaka iguse kifuniko cha valvu, ibane hapo. Hivyo tairi likianza kuteleza utaiona valvu imelala upande, bado nzima. Kila unaposimama itazame: ikiwa imesimama wima kama mlingoti, endelea. Ikilala, toa upepo wote, rudisha tairi mahali pake, jaza upya psi 2 juu ya ulizokuwa nazo.

Pancha nayo ukijua kuisoma inakueleza kosa. Tundu moja dogo ni mwiba au msumari, upepo hauhusiki. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka ni rimu iliyogonga jiwe: ulikuwa na upepo mdogo kwa mwendo uliokwenda nao. Mchaniko kwenye shina la valvu ni kuteleza. Vitundu vingi vya kukwaruzwa upande wa ndani, unaogusa rimu, ni utepe wa rimu umeoza au spoku imechomoza. Upande wa nje vikwaruzo kama vya msasa ni mchanga ulioingia siku ya kuziba pancha njiani, na kosa hili pwani ni la kila siku. Tandika kanga au gunia kabla hujatoa tairi, futa ndani ya tairi kwa kitambaa, kisha nyunyiza poda ya mtoto kidogo ili tyubu isigandamane na tairi likipata joto.

Umesema unapita Ushongo, basi ufukweni hutakosa. Mchanga uliotoka kufunikwa na maji ni mgumu kwa sababu utando wa maji kati ya punje unazishikanisha. Hapo 20 inatosha. Kwa hiyo ukiweza, panga safari wakati wa kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na kukupa njia pana, lakini pia hujaa juu kabisa, na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 hivi. Ukizama kwenye mdomo wa kijito huku maji yanapanda hutakuwa na muda wa kutafuta pampu. Vijito vyenyewe vivuke upande wa juu, mbali na mdomo, maana mchanga uliojaa maji chini yake unameza gurudumu hata kwa 10 psi. Na matope ya mikoko ni habari nyingine kabisa: huko kushusha upepo hakukusaidii, kashata zinajaa na tairi linakuwa kama limepakwa siagi. Zunguka. Ule mchanga mkavu juu ya alama ya maji makuu uachie kasa. Ndiko wanakotagia, na gurudumu likipita juu ya kiota linaugandamiza mchanga ambao watoto wao wanatakiwa kuuchimba kutoka chini. Ukirudi, osha cheni, spoku na nati ya rimuloki kwa maji yasiyo na chumvi, kisha zipake oili. Nati iliyoliwa na chumvi haifunguki siku ya pancha.

Majira nayo yanabadilisha namba. Baada ya mvua za masika njia ya Kipumbwi huwa imeshikana, na 18 inaweza kukufikisha bila taabu. Januari na Februari, kaskazi ikiwa imekausha kila kitu, ndipo 16 inapohitajika.

Kurudisha upepo ndipo wengi wanapofeli. Wanashusha vizuri, wanavuka mchanga vizuri, wakifika lami wanasema pampu iko karibu. Tairi la 16 kwenye lami kwa mwendo wa 80 linajikunja na kujikunjua kila mzunguko, linapata joto, tyubu inasuguana na tairi, na kwenye kona pikipiki haikai ulipoielekeza. Kama huna pampu, usizidi 40 mpaka ufike kwa fundi. Ila pampu ya mkono ni nyepesi, ibebe. Hakikisha mdomo wake unashika valvu ya aina ya gari, kwa sababu pampu nyingi za baiskeli zetu zimetengenezwa kwa valvu nyembamba. Nyumbani toa upepo hadi 16, kisha piga pampu hadi 22 mbele na 25 nyuma ukihesabu misukumo. Andika idadi ya mbele na ya nyuma kwa rangi kwenye bembea, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Siku geji ikipotea mchangani, hesabu hiyo itakuokoa. Kwa lami ukiwa peke yako na mzigo wako, 22 mbele na 25 nyuma panatosha. Hiyo 30 na 35 ya fundi wako ni nyingi hata huko.

Wenye pikipiki za bodaboda wasinakili namba hizi. Gurudumu la inchi 17 lenye tairi jembamba lina ubavu mfupi, rimu iko karibu na ardhi. Wao waishie 20 mbele na 22 nyuma bila abiria, na abiria ashuke kwenye mchanga mzito atembee. Hakuna upepo utakaofanya kazi ya huyo abiria kushuka.

Lililobaki ni mkono wako. Upepo sahihi hausaidii ukifunga mafuta katikati ya mchanga: uzito wote unakimbilia mbele na gurudumu linapiga mbizi. Ingia na gia moja juu ya uliyozoea, vuta mafuta taratibu bila kuachia, kalia nyuma kidogo au simama, na breki ya mbele isahau. Ukitaka kupunguza mwendo, punguza mafuta kidogo kidogo mpaka mchanga wenyewe ukusimamishe. Na zile kilo 15 za vipuri, kama zote ziko mwisho wa keria, zigawe kwenye mifuko miwili ya pembeni, karibu na ekseli ya nyuma. Zikining'inia nyuma ya ekseli zinanyanyua usukani na kulizamisha gurudumu la nyuma kwa wakati mmoja. Ukishazihamisha rudia jaribio la mita 100, kwa sababu namba yako ya nyuma inaweza kushuka kwa 1.